Kutoka Wanging'ombe hadi Kalenga: safari ya siku moja na swali la kumuuliza mwongozaji



Huko Italia kuna utalii wa aina moja unaopendwa sana. Asubuhi mnapanda basi mjini Florence, mwongozaji anashika kibendera mbele, mnazungushwa kwenye miji ya kale iliyojengwa juu ya vilima, halafu jioni mmerudi. Mnaona Siena, mnaona San Gimignano, mji ambao zamani ulikuwa na minara 72 na leo imebaki 14. Watu walipanda vilimani kwa kuogopa adui. Leo wajukuu zao wanakula kutokana na woga ule.

Sasa sisi wa Wanging'ombe, Njombe na Makambako, safari kama hiyo tuifanye wapi? Jibu langu ni Iringa. Ukiondoka Makambako alfajiri, na ukiwa na usafiri wako mwenyewe, siku moja inatosha.

Wengi wetu Iringa tunaipita tu. Basi la Dar linasimama pale Ipogolo, barabara kuu iko bondeni, mji uko juu kilimani, unanunua karanga dirishani safari inaendelea. Safari hii pandisha kilima. Anzia jengo la Boma, lililojengwa na Wajerumani, ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Humo utapata mwongozaji, na hapo ndipo utakapokutana na kituko cha kwanza cha historia: Iringa haikuanzia Iringa.

Jina hilo linatokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Na ngome yenyewe haikuwa kilimani. Ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mtwa Mkwawa aliizungushia ukuta wa mawe na udongo.

Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, wapiganaji wake walikuwa wamewavizia Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, pamoja na askari wake wengi. Wajerumani hawakusahau. Oktoba 1894 walirudi na mizinga, na tarehe 30 Kalenga ikaanguka. Miaka miwili baadaye wakajenga kituo chao juu ya kilima na kukiita Iringa Mpya. Kwa hiyo wenzetu wa Italia walipanda kilimani kumkwepa adui, lakini kwetu aliyepanda ni adui mwenyewe, na jina la ngome akaondoka nalo.

Mchana teremka Kalenga. Kwenye makumbusho madogo pale kuna fuvu la Mkwawa. Alijipiga risasi Julai 1898 kule Mlambalasi ili asikamatwe, kichwa kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954! Gavana Edward Twining alilifuata Bremen, akalikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Ukirudi, pitia Tosamaganga. Misheni ile ya kilimani ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaichukua mapadri Wakonsolata kutoka Turin. Kwa hiyo hata Waitaliano wenyewe walipofika huku walijikuta kilimani.

Sasa nije kwenye swali langu. Pale Kalenga, Mkwawa ni shujaa wa kupinga ukoloni, na ni kweli. Lakini mtu wa Wanging'ombe anaposimama mbele ya fuvu lile ana habari nyingine ya ziada. Karne ya 19 Ubena ulibanwa katikati: kusini Wangoni, kaskazini Wahehe. Dola ya Wahehe iliyojengwa na Munyigumba, baba yake Mkwawa aliyefariki 1879, ilipanuka pia kwa kuwapiga majirani. Wabena wa Mtengera walihama nyanda za juu, wakateremkia bonde la Kilombero. Vijiji vilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakatekwa. Hawa nao ni mababu wa mtu.

Je, kuyasema haya ni kuchochea ukabila? Sidhani. Pale Siena mwongozaji atakusimulia vita vya Montaperti vya 1260, ambapo Siena iliwapiga watu wa Florence vibaya sana. Atakusimulia pia jinsi Siena yenyewe ilivyosalimu amri mwaka 1555. Mtalii kutoka Florence anasikiliza, anauliza maswali, kisha wanakunywa kahawa pamoja. Historia iliyosemwa yote haina kinyongo. Inayoleta kinyongo ni ile inayosemwa nusu.

Na sisi tuna deni. Njombe tulikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, na Wanging'ombe tukapata wilaya yetu mwaka huohuo. Lakini mgeni akifika Igwachanya leo akauliza habari za karne ile, tunampeleka wapi? Kalenga wana nyumba, wana kitabu cha wageni, wana mtu wa kusimulia. Kwetu habari ziko kwa wazee, na wazee hawatungoji.

Kwa hiyo nendeni Kalenga, lipeni kiingilio, vueni kofia mbele ya Mtwa. Salimianeni "kamwene", maana salamu hiyo ni yao na ni yetu. Kisha muulizeni mwongozaji kwa heshima: na Wabena je? Mkirudi nyumbani, mkae na bibi na babu mkiwa na daftari na kalamu.