Ofisa Huhama, Ruoth Hubaki: Uteuzi, Uhamisho na Lugha katika Kavirondo ya Kusini, 1918–1939

Kwa Kijaluo kiumbe mwenye mbawa huitwa ‘winyo’, na chombo cha chuma kirukacho huitwa ‘ndege’. Waswahili wenyewe hawakuona haja ya kutenga majina mawili. Walichukua jina la kiumbe wakakipa chombo, na muktadha ukatosha kuonyesha ni kipi kinachokusudiwa. Wajaluo walipolipokea neno hilo waliipokea maana yake ya pili tu, kwa kuwa ya kwanza walikuwa na neno lake tayari. Mtaalamu wa isimu ataliingiza jambo hili katika orodha yake ya maneno ya mkopo na kuendelea na kazi. Mwanahistoria hana budi kusimama kidogo na kuuliza neno lilikuja na nani, na huyo aliyekuja nalo alitumwa na nani.

Mwezi wa Machi 1926 ndege nne za Jeshi la Anga la Uingereza ziliondoka Cairo kuelekea Cape Town, zikiongozwa na ofisa aliyeitwa C. W. H. Pulford, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyao. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kuja mpaka Mwanza, na ndege zake za majini zikawa zikitua katika ziwa la Nyanza. Njia ya kutoka Kisumu kwenda Mwanza ni ya ziwani, nayo inaambaa na ufuko wa nchi ambayo tangu 2013 imekuwa kaunti za Homa Bay na Migori. Hivyo mvuvi wa Mbita au wa Karungu aliijua ndege mapema, pengine kabla ya kuliona gari la moshi. Alichokuwa hana ni njia yoyote ya kuirusha. Kwa kanuni ya jeshi lile, cheo cha ofisa kilikuwa cha watu wa asili halisi ya Kizungu peke yao, na kanuni hiyo haikulegezwa mpaka Oktoba 1939, vita vilipokuwa vimekwisha kuanza. Hata hapo ililegezwa kwa muda wa vita tu.

Kanuni hiyo haikuwa ya jeshi la anga peke yake. Huko juu ilionekana kwa mbali, kama ndege yenyewe. Pale chini, katika ofisi ya wilaya, watu waliishi nayo kila siku. Palikuwa na watu wa aina mbili katika utawala: wale waliopewa cheo London na kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na wale waliopewa cheo nyumbani kwao na kubaki papo hapo mpaka wazeeke au wafukuzwe. Makala haya yanahusu pengo lililokuwa baina ya hao wawili, na lugha iliyolijaza.

Wilaya ya Kavirondo ya Kusini ilikuwa na sura ya pekee. Nchi hii ilihamishwa kutoka himaya ya Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902. Kituo cha kwanza cha serikali kilikuwa Karungu, penye bandari. Baadaye kikahamishiwa Kisii, juu vilimani. Kwa sababu hiyo watu wa Karachuonyo, Kasipul, Kanyamwa, Gwassi, Kadem na Suna walitawaliwa kutoka mji ambao lugha ya jirani zake haikuwa yao. Wilaya moja ilikuwa na Wajaluo wenye lugha ya Kinailoti. Ilikuwa na Wagusii na Wakuria wenye lugha za Kibantu. Tena ilikuwa na Wasuba wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, ambao lugha yao ya Kibantu ilikuwa tayari ikimezwa na Kijaluo. Bwana Shauri aliyefika Kisii na kutaka kusema na raia wake wote kwa lugha zao angehitaji kujifunza lugha tatu au nne. Muda huo hakupewa.

Mfano wa G. A. S. Northcote wafaa kutajwa, ingawa mwanzo wake ni wa kabla ya vita vya kwanza. Huyu alikuwa miongoni mwa maofisa wa mwanzo katika sehemu hizi, na mwaka 1907 aliandika makala juu ya desturi za Wajaluo katika jarida la wanaanthropolojia wa Uingereza. Mwezi wa Januari 1908 alichomwa mkuki na Otenyo huko Kisii, akapona, na kisasi cha serikali kikawa kikali mno. Mtu aliyekwisha kuandika juu ya desturi za watu hakubakizwa karibu nao. Alipanda ngazi kwa uhamisho baada ya uhamisho: mwaka 1935 alikuwa Gavana wa Guyana ya Kiingereza, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Pulford naye, yule rubani wa Kisumu, mwaka 1941 aliteuliwa kuongoza jeshi la anga la Uingereza huko Mashariki ya Mbali, akafa mwaka uliofuata baada ya kuikimbia Singapore. Kwa maofisa wa namna hii Nyanza ilikuwa kituo kimoja katika barabara ndefu. Si haki kuwalaumu mmoja mmoja kwa kutojua Kijaluo. Ngazi waliyokuwa wakiipanda haikuwalipa chochote kwa kukijua.

Ngazi hiyo iliwalipa kwa kujua Kiswahili. Ofisa kijana alitakiwa afaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali kabla ya kuthibitishwa kazini. Mantiki yake ni dhahiri: mtu anayeweza kupelekwa Lamu mwaka huu na Kisii mwaka ujao hufundishwa lugha inayosafiri pamoja naye. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, kazi hiyo ilizungumzwa sana kwa upande wa shule na vitabu. Ni nadra kutazamwa kwa upande wa uhamisho wa maofisa, na hapo ipo kasoro. Lugha sanifu ilikuwa pia chombo cha mtumishi asiyekaa mahali.

Matokeo yake yalionekana barazani. Bwana Shauri husema Kiswahili alichokipata kwa mtihani. Mkalimani, ambaye Kiswahili chake alikipata katika kazi ya ukarani, uaskari au safari za Mombasa, hukigeuza kuwa Kijaluo. Mzee wa Kadem hujibu kwa Kijaluo chenye methali na mafumbo, na jibu lake hurudi kwa njia ile ile, likiwa limepukutika njiani. Kesi ya mpaka wa mashamba, yenye nasaba za vizazi vitano ndani yake, yaweza kumfikia mwamuzi ikiwa sentensi mbili. Tena mwamuzi mwenyewe huenda asiwepo siku ya kusikilizwa upya, na yule aliyempokea kazi huanza kusoma faili upya. Aliyekuwapo mara zote mbili ni mkalimani. Wazee walimwogopa mtu huyu kuliko Mzungu, na hofu yao ilikuwa na sababu: kati ya watu wote waliokuwa katika baraza, yeye peke yake ndiye aliyezisikia pande zote mbili.

Maneno yaliyopita katika mlango huo yamebaki katika Kijaluo mpaka leo, na ukiyapanga yanasimulia habari yenyewe. ‘Sirkal’ ni serikali. ‘Osuru’, kodi, ni ushuru. ‘Karan’ ni karani, na ‘askari’ amebaki askari. Haya ni maneno ya watu wanaotumwa na vitu wanavyodai. Kwa upande wa baraza Wajaluo walikuwa na ‘bura’ yao, na mtawala wao walimwita ‘ruoth’, wingi ‘ruodhi’. Kwa hiyo chifu wa serikali alivikwa jina la kale ingawa madaraka yake yalikuwa mapya. Bila shaka si Kiswahili chote kilichokuja na bendera. Wafanyabiashara Waislamu wa Kendu Bay walikuwa na chao, cha mizani na nguo, na wachukuzi waliorudi kutoka vita vya Wajerumani walikuwa na cha Kariakoo. Lakini maneno ya biashara hayakuwa na uzito wa maneno ya amri.

Lipo neno moja lililokwenda njia ya kinyume, nalo lastahili kutazamwa zaidi. Wakuu wadogo waliokuwa chini ya chifu waliitwa katika Kiswahili cha serikali ya Nyanza wazee wa ‘mlango’. Msomaji wa pwani, ambaye ‘mlango’ wa watu kwake ni tawi la ukoo, hatalishangaa sana. Lakini Kijaluo kina ‘dhoot’, neno la ukoo lililoundwa kwa ‘dho’, mdomo, na ‘ot’, nyumba. Yaani mdomo wa nyumba, mlango. Yaelekea mkalimani alizikutanisha picha mbili zilizofanana. Ofisa akaipokea tafsiri hiyo kama jina la cheo, akaliandika katika taarifa zake, na ukoo ukageuka kuwa kitengo cha utawala chenye mkuu aliyeteuliwa na wilaya. ‘Dhoot’ haikuwa na mkuu wa namna hiyo. Watu wa ukoo walikuwa na wazee wao, na hoja ilishinda kwa kukubaliwa. Kosa la tafsiri, ikiwa lafaa kuitwa kosa, liliwapa watu wachache mshahara na mamlaka ya kukusanya kodi ya wenzao.

Uteuzi wa chifu ulikuwa na sheria yake ya 1912, ambayo marekebisho yake ya 1924 yalianzisha mabaraza ya wenyeji yenye Bwana Shauri kama mwenyekiti. Raia walisikilizwa barazani, lakini kauli ya mwisho ilikuwa ya serikali. Machifu wa kizazi cha kwanza walikuwa wengi wao watu wa nguvu za zamani. Gor wa Kanyamwa, aliyeitwa Mahia kwa ajili ya miujiza yake, ndiye anayekumbukwa zaidi, na mwaka 1968 jina lake likapewa klabu ya soka. Kadiri miaka ya baina ya vita ilivyoendelea, serikali ilitaka watu wa namna nyingine: wenye kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Watu hao walitoka misheni. Waadventista walikuwa wamefika Gendia mwaka 1906, wakiongozwa na A. A. Carscallen pamoja na Mwafrika Peter Nyambo wa Nyasaland, na Wakatoliki walikuwa Asumbi. Wamisionari hawakuhamishwa kama maofisa. Walikaa, nao wakajifunza Kijaluo. Carscallen alitunga sarufi yake. Hapo pakawa na hitilafu ya ajabu: serikali ilisema Kiswahili kwa sababu haikai, na kanisa likasema Kijaluo kwa sababu linakaa.

Paul Mboya alitoka katika mkono huo wa pili na kuingia katika ule wa kwanza. Alikuwa mchungaji wa Kiadventista alipoteuliwa kuwa chifu wa Karachuonyo mwaka 1935. Alitakiwa kutekeleza amri za kodi, barabara na kilimo zilizofika kwa Kiswahili na Kiingereza, na wapo waliomwona mkali. Lakini mwaka 1938, akiwa chifu, alitoa kitabu chake *Luo Kitgi gi Timbegi*, juu ya mila na desturi za Wajaluo, kwa Kijaluo. Northcote alikuwa ameandika makala juu ya watu hao hao, kwa Kiingereza, ili isomwe London. Chifu asiyekuwa na uhamisho wowote wa kuutazamia aliandika kwa lugha ya watu ambao angezeeka kati yao. Baada ya uchifu alikuwa katibu wa baraza la wilaya. Gavana hakuwa, wala hapakuwa na ngazi ya kumfikisha huko.

Uhamisho wa mbali ulikuwapo kwa wenyeji wa Kavirondo ya Kusini, ila kwa jina jingine. Dini ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde wa Alego mwaka 1913, ilivuka ghuba na kupata wafuasi wengi kusini, hasa baada ya mapigano ya Kisii ya Septemba 1914, watu walipouona mji wa serikali ukikimbiwa. Ilifundisha kwamba Wazungu wangeondoka. Serikali iliiandama katika miaka yote ya baina ya vita, na baadhi ya viongozi wake walipelekwa pwani kizuizini. Wapo waliopelekwa Lamu. Kwa hiyo palikuwa na watu wa Nyanza waliokaa kisiwani kwa amri ya serikali, kama walivyokaa maofisa, wakisikia kila siku Kiswahili cha wenyewe. Hakuna aliyewatahini.

Jeshini mambo hayakuwa tofauti. Kikosi cha King's African Rifles kiliwapa askari wake Kiswahili cha amri, chepesi na kikavu, na vyeo vya koplo na sajini. Ofisa alikuwa Mzungu. Askari alimwita ‘afande’. Neno hilo lina safari ndefu: ni ‘efendi’ ya Waturuki, iliyopita Misri na kuletwa na askari wa Kisudani ambao Waingereza na Wajerumani waliwaajiri mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katika jeshi la Wajerumani wa Tanganyika Mwafrika aliweza kupewa cheo chenyewe cha ‘efendi’. Upande wa Kenya askari alibaki akilitamka tu, akimwelekezea mwingine. Waingereza walikuja kukitumia kama cheo cha Mwafrika katika miaka ya 1950, cheo kilichowekwa kati ya sajini na ofisa ili kisiwe hiki wala kile, na Wakenya wa kwanza walipata uofisa kamili mwaka 1961. Huko Homa Bay na Migori mwananchi anayesimamishwa barabarani bado husema ‘afande’, na aghalabu anayeitwa hivyo ni konstebo, mtu asiye na cheo hata kimoja begani.