Kibira: maua yake na waliotolewa humo

Ukiwauliza vijana wa kartye yetu kama Cibitoke iko na msitu, watakucheka. Hapa Bujumbura Cibitoke ni vumbi, pikipiki na mitaro. Lakini kuna Cibitoke ingine, ile iliyokuwa mkoa, kule kaskazini mpakani na Rwanda. Huko Mabayi, Kibira inafika na kuungana na Nyungwe.

Kibira ni msitu wa milima, kama hekta 40,000, juu ya mgongo unaogawa maji: upande mmoja yanashuka kwenda Kongo, upande mwingine yanaenda Nile. Kwetu maua yanafuata mvua, si baridi ya Ulaya kwisha. Ukipanda Teza ao Rwegura na mwongozaji, utaona lobelia ndefu kupita nyumba, okidi zimekaa juu ya matawi, na maua madogo kando ya vijito. Mnatembea polepole, njia inateleza.

Sasa, nani aliulinda msitu huu? Kwanza mwami. Lilikuwa pori lake la kuwinda, haukuingia ovyo. Mwaka 1933 Wabelgiji wakaufanya hifadhi. Baada ya uhuru chai ikapandwa Teza na Rwegura, na mwaka 1980 serikali ikatangaza hifadhi ya taifa. Amri ilitoka juu kila mara. Na Batwa, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuokota chakula humo, ndio walioambiwa wasogee. Wengi walibaki pembeni bila shamba, wakifinyanga vyungu, na leo sufuria na plastiki zimewaharibia hata soko hilo. Kisha vita ya 1993 ikafika, waasi wakajificha msituni, na matembezi ya maua nani angeyafikiria?

Wengi wetu tumetoka Kivu Kusini, hadithi hii tunaijua. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakafukuzwa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilivunja haki zao. Karibu miaka 50! Mtu aliyekimbia kwao haitaji kufafanuliwa maana yake.

Hatusemi msitu ukatwe, hapana. Bwawa la Rwegura, lililoanza kazi 1986, linategemea maji ya milima hiyo. Msitu ukiisha, umeme wa kartye utakatika kuliko unavyokatika sasa (na unakatika kweli).

Lakini ninyi dada na kaka wa mashirika, mnaopanda huko siku ya mapumziko, na siye pia siku tukipata nauli: mwongozaji akituonyesha ua, tumuulize Batwa waliliitaje na lilitibu nini. Tumuulize pia wajukuu wao wanakaa wapi sasa, na kama kuna hata mmoja wao anayelipwa kuongoza wageni kwenye njia hizo. Mtakaotangulia, mtuambie alijibu nini.