Kamaru wa Zamani na Kamaru Aliyeokoka

Jumapili moja jioni nilipanda matatu ya Mweiga kutoka Nyeri mjini. Dereva alikuwa ameweka Joseph Kamaru, benga yenyewe ya zamani, gita likikimbizana na sauti. Hatujafika mbali, kina mama watatu waliotoka kwa mkutano wa kanisa wakaanza kulalamika. "Dereva, leo ni Jumapili. Tuwekee nyimbo za Mungu." Dereva hakubishana nao. Akagusa simu, wimbo ukabadilika, lakini sauti ikabaki ile ile. Alikuwa Kamaru tena, safari hii akiimba habari za wokovu. Kina mama wakanyamaza, wameridhika. Mzee mmoja kiti cha nyuma akacheka: "Mmemtoa Kamaru, mmewekewa Kamaru."

Huku kwetu watu humgawa mwanamuziki huyu mara mbili: kuna Kamaru wa zamani na kuna Kamaru aliyeokoka. Ukisema unampenda, utaulizwa ni yupi. Mimi nadhani yule mzee wa matatu alikuwa na jibu zuri kuliko sisi wote.

Kamaru hakuwa mtu wa Mweiga. Alizaliwa 1939 Kangema, Murang'a, na mwaka wa 1957 akaenda Nairobi kutafuta riziki kama vijana wengine wa rika lake. Alifanya kazi za nyumbani na usafi, akapata gita, akajifunza. Mwaka wa 1967 alivuma kwa wimbo "Celina", aliouimba na dadake, Catherine Muthoni. Baadaye bendi yake, Kamaru Super Stars, ikawa mojawapo ya bendi kubwa za Gikuyu. Na kwa kuwa Murang'a na Nyeri ni lugha moja, santuri zake zilipanda milima hadi Kieni, zikafika Mweiga, kwenye nchi iliyokuwa ya mashamba ya walowezi, chini ya Nyandarua.

Sasa sikiliza alichokuwa akiimba huyo Kamaru "wa dunia". Katika "Ndari ya Mwarimu" aliwakemea walimu wanaowaharibu wasichana wa shule. Chama cha walimu, KNUT, kilikasirika hadi kikatishia mgomo, mpaka Rais Jomo Kenyatta mwenyewe akaingilia kati. Machi 1975, mbunge J.M. Kariuki alipouawa na mwili wake kupatikana Ngong, Kamaru alitoa wimbo wa kulaani mauaji hayo. Wakati huo watu wengi walikuwa wakinong'ona tu, tena na mtu wanayemwamini. Uhusiano wake mzuri na Kenyatta ulikufa hapo.

Simfanyi malaika. Mwaka wa 1980 alisafiri na Rais Moi hadi Japani, akarudi na wimbo wa kuisifu safari hiyo, kabla ya wawili hao kukosana kwa sababu ya siasa za vyama vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akipiga shoo za watu wazima pekee jijini Nairobi, zile ambazo hungeenda na mama mkwe. Lakini hata hapo alikuwa na tabia ya mzee wa mtaa: lazima akuambie jambo. Kuonya, kukosoa, kufundisha adabu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo.

Halafu mwaka wa 1993 akatangaza kwamba ameokoka. Kamaru Super Stars ikavunjwa. Mahali pake pakaja kwaya, Kamaru Celebration Choir, na huduma ya kuhubiri. Mashabiki wengi walihisi wameachwa njiani. Mauzo yakashuka. Mtu aliyekuwa akijaza kumbi alianza kuuza kaseti za injili kwa watu ambao nusu yao hawakuamini kama amebadilika, na nusu nyingine walitamani asingebadilika.

Je, alikuwa ameruka ukuta mkubwa hivyo? Ili kujibu hilo, turudi nyuma kidogo, tangu kabla Kamaru hajazaliwa hadi miaka ambayo alikuwa bado mtoto, kwenye milima hii hii.

Wamisheni walipokuja, walileta vitabu vya nyimbo. Pale Tumutumu, upande wa Karatina, Wapresbiteri walifundisha watu kusoma na kuimba kwa pamoja. Watu wakazishika zile tuni vizuri, pengine kuliko wamisheni walivyotarajia. Mwaka wa 1929, kanisa lilipozozana na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana, ulizuka wimbo na ngoma ya Muthirigu, uliowakejeli wamisheni na machifu waziwazi. Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Tayari wakubwa walikuwa wamejua kwamba wimbo unaweza kuwa hatari.

Kisha ikaja Mau Mau. Wapiganaji na wafuasi wao walichukua tuni za kanisa, wakatoa maneno ya zamani, wakatia ya ardhi na uhuru. Afisa wa kizungu asiyejua Kigikuyu alisikia tuni anayoijua tangu utotoni, akadhani hawa watu wako kwa ibada. L.S.B. Leakey, aliyekulia miongoni mwa Wagikuyu na kuijua lugha, alizungumzia nyimbo hizo katika kitabu chake cha 1954, Defeating Mau Mau, na aliziona kuwa silaha kubwa ya propaganda. Mtu mmoja aliyezichapisha alikuwa Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Tumutumu. Alikamatwa Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, akakaa kizuizini miaka mingi. Shajara yake ya huko ilichapishwa baadaye na kumpa Tuzo ya Noma ya 1984.

Kwa hiyo, kufikia 1993, watu wa huku walikuwa wamezoea kitambo kuona tuni moja ikivuka kutoka kanisani kwenda msituni, na kurudi. Bado inavuka. Ingia kwa mugithi wowote Jumamosi usiku, mtu mmoja na gita lake, utasikia wimbo wa kanisa ukianza kwa heshima, kisha maneno yanapinda, na watu wanashikana viunoni kama mabehewa ya treni. Asubuhi baadhi yao wako kanisani wakiimba tuni hiyo hiyo kwa maneno yake halali.

Lakini sitaki kusema kwamba kuokoka kwa Kamaru hakukugharimu mtu kitu. Kuligharimu. Miaka ile si yeye peke yake aliyeziacha "nyimbo za dunia". Guka wangu pale Mweiga aliokoka pia. Hakuchoma kaseti zake, alikuwa mkono birika sana kwa hilo. Alichukua karatasi, akaziba vile vishimo vya juu, na kurekodi nyimbo za injili juu ya benga. Shosho aliniambia alifanya kazi hiyo usiku kadhaa, polepole, bila kuongea. Hakuna aliyemuuliza kama ilimuuma.

Kamaru alifariki tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu wake, ambaye pia anaitwa Joseph Kamaru na hujulikana kama KMRU, ni msanii wa sauti anayeishi Berlin. Muziki wake mwenyewe, kama albamu yake Peel ya 2020, hauna gita la benga wala kwaya. Ni sauti ndefu zinazotembea taratibu. Lakini amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake kwenye Bandcamp, moja baada ya nyingine, ili mtu wa Mweiga mwenye simu na bando asikie kile ambacho guka wake alifuta.

Zile kaseti za nyumbani bado ziko, kwa katoni ya viatu. Mwaka jana niliazima redio ya kaseti kwa jirani, nikaweka moja. Ilikuwa kwaya upande mzima, mpaka wimbo wa mwisho ukaisha na guka akabonyeza kuzima. Ukasikika mkwaruzo. Baada yake, pale ambapo injili haikufika, Kamaru wa zamani akaendelea kuimba kutoka katikati ya sentensi. Shosho alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Nikanyoosha mkono nizime, nikidhani atakasirika.

"Wacha iishe," akasema.