Nguo ya Sultani wa Kilwa



Kila Idi inapokaribia, nyumba zetu za pwani hushughulika na nguo. Kanzu hupelekwa kwa fundi, kofia hufuliwa na kutiwa wanga, buibui na kanga mpya hununuliwa, na watoto hulala na nguo zao ubavuni wakingoja mwezi uandame. Hayo ni mambo mema, wala si makusudio yangu kuyakataza. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-A'raf amewaamrisha wanadamu wachukue mapambo yao kila waendapo kusali. Lakini katika Sura hiyo hiyo, kabla ya hapo, ametaja kwamba amewateremshia nguo za kusitiri tupu zao na nguo za pambo, kisha akabainisha kuwa vazi la ucha-Mungu ndilo lililo bora. Basi leo natutazame vazi hilo la tatu, ambalo halina fundi wala duka, na tuanzie Kilwa.

Mnamo mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika pwani yetu. Alipita Mogadishu na Mombasa, kisha akaingia Kilwa. Aliyekuwa akitawala Kilwa wakati huo ni Sultani al-Hasan bin Sulayman, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Huyu hakuwa mtawala maskini. Biashara ya dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita katika bandari yake, na jumba kubwa la Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yapo hadi leo, hunasibishwa naye. Hata hivyo Ibn Battuta anamsifu kwa unyenyekevu: alikuwa akikaa na mafakiri, akila nao, na akiwaheshimu watu wa dini.

Siku moja ya Ijumaa, asimulia msafiri huyo, Sultani alikuwa ametoka msikitini baada ya sala akielekea kwake. Njiani akasimamishwa na fakiri mmoja kutoka Yemen, akamwita kwa lakabu yake. Sultani akamwitikia na kumwuliza haja yake. Fakiri akasema kuwa anataka nguo alizozivaa Sultani. Akakubaliwa. Akasema anazitaka saa ile ile. Akakubaliwa pia. Sultani akarejea, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akazivua zile, kisha akamwita yule fakiri aingie azichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakazidi kumsifu Sultani wao kwa unyenyekevu na ukarimu.

Katika darsa zangu nilikuwa nikiishia hapo. Wanafunzi hufurahi, na mwalimu hupata mfano wake. Lakini habari haikomei hapo, na mwenye kutaka mazingatio hana budi kuisoma yote.

Mtoto wa Sultani, aliyekuwa mrithi wake, alizichukua zile nguo kwa yule fakiri, na badala yake akampa watumwa kumi. Habari za sifa za watu zilipomfikia Sultani, akaamrisha fakiri yule aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Basi nguo za mtu mmoja zimebadilishwa kwa watu. Waliovuliwa nguo, waliozitwaa na waliozisifia wametajwa wote, na wale ishirini waliotolewa hakuna aliyeuliza majina yao.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni nia. Zawadi ya kwanza ilitolewa kwa sababu fakiri ameomba. Ya pili ilitolewa baada ya sifa kusikika. Je, iliongezwa kwa kumshukuru Mungu, au kwa kuwa sifa ni tamu? Hatujui, wala si kazi yetu kumhukumu mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya Mola wake. Lakini Imam Bukhari hakuifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia bure bure. Tendo moja kwa sura yake laweza kuwa ibada, na laweza kuwa riya, na anayejua ni Mungu na mwenyewe mtendaji.

La pili ni zito zaidi. Mtu aweza kunyenyekea mbele ya fakiri, na wakati huo huo asiwaone walio chini ya mkono wake. Bwana Mtume (s.a.w.) alilifundisha jambo hili kwa nguo hasa. Amepokea Bukhari kwamba Abu Dharri (r.a.) alionekana mahali paitwapo Rabadha amevaa vazi zuri, na mtumwa wake amevaa kama lile lile. Alipoulizwa, akasimulia kuwa aliwahi kumtukana mtu na kumwaibisha kwa mama yake, na Mtume akamkemea kwamba bado ana mabaki ya ujahili. Kisha Mtume akamwambia kuwa watumwa wao ni ndugu zao, na aliye na nduguye chini ya mkono wake amlishe anachokula mwenyewe na amvishe anachovaa. Abu Dharri hakuyapeleka maneno hayo mimbarini tu, aliyapeleka kwa fundi wa nguo.

Sasa tujipime, ndugu msomaji. Je, pwani yetu ilifuata mwendo wa Abu Dharri? Ukweli husemwa japo ni mchungu. Katika karne ya kumi na tisa nguo zilikuwa ndiyo alama ya nani muungwana na nani mtumwa. Muungwana alivaa kanzu, kilemba na joho. Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kilichopewa jina la Marekani kilikotoka, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi, na kichwa chake kilikuwa wazi. Lamu bibi wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na watumwa wa kike, na wale waliomsitiri bibi hawakuwa na wa kuwasitiri wao. Sitara, ambayo sharia imemfaradhishia kila Muislamu, ikafanywa cheo cha wenye nasaba.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mambo ya mwanzo walioachwa huru waliyoyafanya ni kuvaa. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunika kanga, na baadaye buibui. Wapo waliowacheka kuwa wanajitia uungwana. Nauliza: kati ya aliyejisitiri kwa kuona kuwa naye ni mja wa Mungu kama wengine, na aliyemcheka, ni nani mwenye kiburi? Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na sahaba kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alijibu kuwa Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kiburi hakimo katika kitambaa.

Na Mungu hakuiacha pwani bila ya mtu wa kutuonyesha njia. Habib Saleh bin Alawi Jamalullayl, aliyekuja Lamu kutoka visiwa vya Ngazija na kufariki mwaka 1935, aliwafungulia darsa yake watumwa na wana wa watumwa, akakaa nao na kuwasomesha, ijapokuwa baadhi ya wakubwa wa mji hawakuridhika. Masomo hayo ndiyo yaliyoujenga Riyadha.

Leo hatuna watumwa, alhamdulillahi. Lakini wako watu chini ya mikono yetu. Yuko binti anayetupikia na kulea watoto wetu. Sikukuu hii, watoto watakapovaa nguo mpya, yeye atavaa nini? Akipewa kanga iliyochujuka ambayo mwenye nyumba haitaki tena, hiyo ni sadaka, au ni kuondoa takataka? Na sisi tuvaao majoho na vilemba tujiulize vile vile: tumevaa kwa kuiheshimu elimu, au ili tupishwe safu ya mbele?

Basi vaa vizuri, ndugu yangu, ujisitiri na umshukuru aliyekuruzuku. Kisha mtazame aliye pembeni yako amevaa nini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nia zetu, atuvishe vazi la ucha-Mungu, na atusitiri siku ambayo hakuna sitara ila yake. Amin.