Kibaba, Gunia na Diski

Ukisimama mbele ya duka la rejareja huko Utange, upande wa bara, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, utaona vipimo viwili. Unga huletwa kwa gunia, lakini mnunuzi hupimiwa kidogo kidogo. Wazee wa pwani walikuwa na vibaba vinne katika pishi moja, na kila kipimo kilikuwa na kazi yake.

Kompyuta nazo zina vibaba na magunia yake. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya kuhifadhia maandishi. Sahani zake 50 ziliweka herufi milioni 5, katika mafungu ya herufi 100. Mashine haikuchukua herufi moja moja, bali fungu zima; na fungu la namna hiyo ndilo liitwalo bloku. Kipimo hicho kidogo kilifaa, kwani kazi yake ilikuwa kutazama hesabu moja moja za biashara.

Baadaye, kwa miaka mingi, fungu la diski lilikuwa la baiti 512. Kisha, yapata mwaka 2011, watengenezaji wakahamia baiti 4,096. Lakini mwaka 2003 wahandisi wa Google walikuwa wamekwisha kueleza ghala lao, lililotandazwa juu ya diski nyingi, lenye mafungu ya megabaiti 64! Kwa nini makubwa hivyo? Kwa sababu kazi yao ilikuwa kusoma majalada makubwa mno, tangu mwanzo hata mwisho.

Fikiri juu ya sensa ya Kenya ya mwaka 2019, iliyohesabu watu 47,564,296. Ukimtafuta mkazi mmoja tu wa Utange, fungu kubwa ni gunia lifunguliwalo kwa ajili ya kibaba kimoja. Ukitaka wastani wa umri wa watu wote, mafungu madogo ni sawa na kuhamisha ghala kwa kibaba: safari nyingi, faida haba.

Tena, aghalabu kipimo huchaguliwa diski inapotayarishwa, kabla ya kutiwa kitu. Anayekosea hulazimika kuitoa shehena yote na kuanza upya.

Basi, siku utakapokabidhiwa ghala la maarifa, usiulize kwanza kipimo kipi ni kikubwa. Uliza ni nani atakayekuja kuchukua, naye atachukua kiasi gani.