Fungu Maziwe Lilikuwa na Miti

Ndugu zetu wa Pangani, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila tunaporudi likizo, jambo la kwanza ni kushuka pwani. Watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam huvua viatu na kukimbilia maji. Sisi wazazi husimama mchangani tukitazama mdomo wa mto, pantoni likivuka kwenda Bweni.

Pwani hii imeona mengi. Pembe za ndovu na watumwa walipitishwa hapa kupelekwa Unguja. Mwaka 1888 watu wa Pangani waliikataa kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuutawala mji, na vita vya Abushiri bin Salim vikaanza. Abushiri alinyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Hayo watoto wanayasoma shuleni.

Wasichokisoma ni kile kilicho mbele ya macho yao baharini. Wazazi wetu walikijua Maziwe kuwa kisiwa chenye miti, kasa wakipanda kutaga mayai. Mwaka 1975 kikatangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga tu, na bahari ikijaa halionekani. Kasa bado wanakwenda. Mayai yao yasipohamishiwa Ushongo, maji huyaharibu.

Sisi tuliosomea uhasibu tunalijua jambo hili: mali isiyotengewa matengenezo huisha huku ikiwa bado imeandikwa vitabuni. Maziwe kiliandikwa kuwa hifadhi, na hakikubaki na mti.

Mji wetu nao bahari inaula. Ukuta uliojengwa tunaushukuru, lakini ukuta hauoti mizizi. Mchanga hushikwa na mimea, na ukingo wa mto hushikwa na mikoko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tumeshaujenga, nyufa zilizobaki tuzizibe mapema.

Kwa hiyo mwaka huu chama chetu kinaomba mchango wa miche ya mivinje ya ufukweni na mikoko ya mdomo wa mto, pamoja na posho ya vijana watakaoitunza mpaka ishike. Kila shilingi itasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu.

Tuchangie, ili wajukuu nao wakishuka pwani wakute mahali pa kuvulia viatu.