Kaboni Ukutani, Msitu Kilimani: Chuo Kikuu na Hoja ya Kujenga kwa Mbao

Wanaotetea majengo makubwa ya mbao katika vyuo vikuu huanza na hoja ileile: mti ulivuta hewa ukaa ulipokuwa ukikua, na ukishafanywa nguzo au sakafu, kaboni yake hubaki imefungwa ndani ya jengo. Hoja hii ni ya kweli, ila imebebeshwa mzigo unaozidi nguvu zake. Kaboni iliyomo ukutani ni amana, na amana hutegemea uaminifu wa aliyekabidhiwa. Jengo likibomolewa baada ya miaka 30 na mbao zake zikachomwa, hewa ile hurudi ilikotoka. Kwa maoni yangu, mbao nzito zinafaa vyuo vikuu kwa sababu iliyo imara zaidi ya hiyo. Chuo kikuu ni miongoni mwa wamiliki wachache wasiojenga ili wauze. Hukaa na majengo yake vizazi kadhaa, na aghalabu kina wataalamu wa misitu, wahandisi na wakemia wanaoweza kulifuatilia jengo tangu mche unapopandwa hadi siku ya kubomoa. Hesabu ya kaboni huaminika pale tu inapokuwa na mwangalizi wa namna hiyo.

Mbao nzito ninazozizungumzia ni tofauti na magogo au mbao za kupaulia. Mbao nyembamba hukaushwa, zikapangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama na lililo chini yake, kisha zikabandikwa kwa gundi na kushindiliwa hadi zikawa bapa moja pana linaloweza kuwa ukuta au sakafu. Tabaka zikielekezwa upande mmoja, hupatikana mhimili au nguzo, ufundi ambao Mjerumani Otto Hetzer aliupatia hataza mwaka 1906. Mabapa ya tabaka zinazokingamana yalikomaa miaka ya 1990 huko Austria na Ujerumani, na sehemu kubwa ya utafiti wake ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz. Gerhard Schickhofer wa chuo hicho alitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo chuo kikuu si mgeni katika fani hii, maana ilikulia katika maabara zake.

Mfano unaofundisha zaidi ni bweni la Brock Commons Tallwood House la Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, lililokamilika mwaka 2017. Lina ghorofa 18, urefu wa mita 53 hivi, na vitanda 404. Ghorofa ya chini ni ya zege, na vivyo hivyo minara miwili ya ngazi na lifti. Ghorofa 17 zilizobaki zimebebwa na nguzo za mbao na mabapa ya sakafu yenye unene wa milimita 169. Mabapa hayo yamelazwa moja kwa moja juu ya nguzo bila mihimili, na ndiyo maana nguzo zimesogezwa karibukaribu, mita 4 kwa mita 2.85. Msomaji wa pwani yetu ataitambua kanuni hiyo mara moja: katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Bweni la wanafunzi linavumilia masharti haya vizuri, kwa kuwa vyumba vyake ni vidogo na vinajirudia. Vipande vyote vilichongwa kiwandani kwa vipimo kamili, vikafika vikiwa na matundu ya mabomba, na kiunzi cha mbao kikasimama katika siku zisizofika 70. Chuo kisichoweza kufunga madarasa kwa miaka miwili ya kelele na vumbi la ujenzi kinajua thamani ya siku hizo.

Takwimu zilizotangazwa kuhusu jengo hilo zinasema kuwa mbao zake, kiasi cha mita za ujazo 2,233, zimehifadhi tani 1,753 za hewa ukaa, na kwamba tani nyingine 679 ziliepukwa kwa kutumia mbao badala ya vifaa vingine. Tarakimu hizi mbili husomwa kwa pamoja ilhali hazina hadhi moja. Ya pili ni akiba halisi, kwa sababu utengenezaji wa saruji peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu, na zege ambalo halikumwagwa halikuchafua chochote. Ya kwanza ina masharti. Mita ya ujazo ya mbao laini kavu ina uzito wa kilo 500 hivi; nusu yake ni kaboni, ambayo ni sawa na kilo 900 na ushei za hewa ukaa. Kemia hiyo haina ubishi. Ubishi uko msituni: je, mti uliokatwa umepata mrithi, na je, mrithi huyo ataachwa akue hadi afikie kimo cha aliyemtangulia? Wanamazingira wanaosema kwamba msitu wa asili uliosimama una thamani kuliko bweni lolote wana haki kabisa, na hoja yangu haiwapingi. Mbao hizi hazina utetezi zikitoka kwenye msitu wa asili, wala zikitoka kwenye shamba lililofyekwa likaachwa wazi. Chuo kisichoweza kutaja shamba zilikotoka mbao zake hakina budi kuifuta tarakimu ya kwanza katika taarifa zake.

Pingamizi la moto ndilo la kwanza kumjia kila mtu, na linastahili jibu la kifundi. Mbao nene huungua taratibu. Kanuni za Ulaya hukadiria milimita 0.65 kwa dakika kwa mbao laini za kubandikwa, yaani karibu sentimita 4 kwa saa, na tabaka la makaa linalojiundia juu hukinga mbao iliyo ndani. Mhandisi huongeza unene huo wa kupotea tangu mwanzo. Vancouver walikwenda mbali zaidi: walizifunika mbao kwa bodi za jasi na kuweka vinyunyizi vya maji kila ghorofa. Lakini jibu hilo linahusu jengo lililokamilika. Septemba 2014, maabara ya mbao iliyokuwa ikijengwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, iliteketea kabla ya kumalizika, wakati ambapo kinga nyingi bado hazijafungwa. Hakuna aliyekufa, na chuo kiliijenga upya kwa mbao, ikafunguliwa mwaka 2017. Hatari kubwa, basi, iko katika miezi ya ujenzi, na ulinzi wa eneo la ujenzi unapaswa kuandikwa kwenye mkataba kwa uzito uleule wa vipimo vya nguzo.

Kwangu mimi, maji na gundi vinatia wasiwasi kuliko moto. Machi 2018, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, bapa la sakafu lilibanduka na kuporomoka wakati jengo jipya la sayansi ya misitu likijengwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mbao zilipashwa joto kabla ya kubandikwa, gundi ikaanza kukauka kabla ya kushindiliwa. Mabapa mengine yalikaguliwa na yaliyotiliwa shaka yakabadilishwa. Inatia moyo kwamba kosa lilifuatiliwa hadi chanzo chake na jengo likafunguliwa mwaka 2020. Katika nchi za joto na unyevu, mfano ulio karibu nasi ni Gaia, jengo la mita za mraba 43,500 la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, lililofunguliwa mwaka 2023 kwa mbao zilizoagizwa kutoka Ulaya. Kuvu ilionekana kwenye baadhi ya sehemu zake. Kuvu ya juu juu si uozo, lakini ni onyo: mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi kwa muda mrefu, uozo hupata njia. Dar es Salaam na Mombasa zina hewa ya aina hiyo, na juu ya hayo zina mchwa.

Je, Afrika Mashariki isubiri? Naona tusubiri kujenga minara, lakini kazi ya maandalizi ianze sasa. Tanzania ina Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, lililojaa misonobari, na ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinachofundisha misitu. Kinachokosekana ni mnyororo wa kuviunganisha. Wakulima wadogo wa Njombe na Mufindi huvuna mapema kwa sababu ada na matibabu havisubiri, na mti mchanga una mbao dhaifu, nyepesi, inayopinda inapokauka. Tanuri za kukaushia ni chache. Kuna pia pingamizi la kijamii ambalo wahandisi hulipuuza: kwa wengi wetu nyumba ya mbao ni kibanda cha muda, na zege ndiyo dalili ya maendeleo. Kuagiza mabapa kutoka Ulaya hakutatibu hata moja kati ya haya, na kutampa mkulima wa Mufindi fursa ya kutazama tu. Jengo dogo la ghorofa moja au mbili, lililoinuliwa juu ya msingi wa zege dhidi ya mchwa, lenye paa pana la kuzuia mvua na vipima unyevu ndani ya mabapa kama walivyofanya Vancouver, lingefundisha zaidi ya hotuba nyingi. Mkataba wake ungemlipa mkulima bei ya juu kwa mti ulioachwa ukomae, sehemu ya malipo ikitangulia wakati mti bado umesimama, na ungekiachia chuo jukumu la kupima gundi na kutangaza vipimo vya unyevu kila mwaka, vizuri na vibaya.